Jina jipya, mchezaji ni yule yule

Hapa Lubumbashi batoto wanaocheza mpira wa video kwenye intaneti wanageuza jina la kuchezea saa yoyote. Pointi zinabaki. Wazee wanauliza: huyu ni mtu gani wa majina mingi? Sisi tunaona lawama hiyo haina haki.

Ngelengwa mwana wa Kalasa alitawala Bunkeya kwa jina la Msiri. Na Mazembe yetu? Ilianza mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges, kisha ikawa Englebert, jina la kampuni ya matairi ya motokari. Kombe la Afrika la 1967 na la 1968 ilishinda ikiitwa Englebert. Ya 2009, 2010 na 2015, Mazembe. Nani hapa mjini anakataa kuhesabu matano?

Lakini kugeuza si kugeuziwa. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, mtu akaacha jina la ubatizo bila kuulizwa. Mtoto wa leo anajichagulia mwenyewe, njo vizuri. Kitu kimoja tu tunamlaumia: anachagua majina ya filamu za Marekani, na jina la babu yake hata kuliandika hajui.