Kopo la Pili Halikupaswa Kung'olewa

Mlioangalia kipindi cha tatu cha mfululizo wa video wa tangi la matumbawe mnajua nakuja kusema nini. Fundi wetu wa Arlington, ambaye kwa vipindi viwili vya kwanza nilikuwa nampigia debe kwa kila anayefuga matumbawe, alichota maji yaliyotoka kwenye kopo la kwanza la mkaa, akatumbukiza kidonge cha DPD namba 1, akatikisa, akainua kichupa mbele ya kamera. Maji meupe, hayana hata dalili ya uwaridi. "Sifuri," akasema. Kisha akashika spana, akafungua kopo la pili la mkaa, akatoa kichujio na kuweka cha mashapo cha mikroni 1 mahali pake, kwa hoja kwamba mkaa wa pili unakula presha bure.

Ni uamuzi mbovu, na ubovu wake ulianzia kwenye kidonge kabla haujafika kwenye spana.

DPD namba 1 hupima klorini huru, basi. Maji ya Arlington yanatoka Washington Aqueduct, mtambo unaoendeshwa na wahandisi wa Jeshi la Marekani, na tangu Novemba 2000 dawa inayobaki kwenye mabomba yake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kloramini, yaani klorini iliyofungwa na amonia. Ndugu yetu alimtafuta Juma katika nyumba aliyohamia Hamisi, akatangaza kwamba nyumba ni tupu. Kidonge hakikudanganya. Kiliulizwa swali lisilo lake.

Rudini mtazame tena mkono wake wa kushoto. Mara tu baada ya kutamka sifuri alimwaga sampuli kwenye sinki. Ukichelewa na DPD namba 1 mbele ya kloramini, rangi ya waridi huanza kupanda taratibu, kwa sababu kloramini nayo inaingilia kipimo, ila kwa mwendo wa kinyonga. Angekiacha kichupa mezani huku akiendelea kusimulia, huenda kingemsaliti mbele yetu sote. Na kama hataki kubahatisha, kidonge namba 3 kipo ndani ya boksi lilelile: unakitia kwenye sampuli ileile baada ya namba 1, unasubiri dakika mbili, unasoma klorini yote. Toa usomaji wa kwanza kwenye wa pili, unachobaki nacho ni ile iliyofungwa. Kamera ilipopita juu ya meza tuliliona boksi hilo, na vidonge namba 3 havijaguswa.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo hakuifanya. Utando wake wa RO (osmosi ya kinyume) ni wa galoni 75 kwa siku, karibu lita 284. Maji ya kutupwa ameyaweka manne kwa moja, kwa hiyo kila lita inayoingia tangini imeburuta nyingine nne kupita kwenye mkaa. Jumla yake ni kama lita moja kwa dakika. Kopo la inchi 10 linabeba mkaa usiofika lita. Maana yake maji yanakaa na mkaa chini ya dakika moja, halafu yanaondoka. Kwa klorini huru muda huo unatosha, maana mkaa huimaliza upesi. Kloramini ni ngumu zaidi: humenyuka polepole, na mkaa wa kawaida unachoka nayo mapema kuliko karatasi ya dukani inavyoahidi. Ndiyo maana ukaundwa mkaa wa kichocheo, na ndiyo maana watu makini huweka makopo mawili. Mkaa wa pili alioutupa ndio uliokuwa unamnunulia muda.

Wanaojua thamani ya muda huo ni mafundi wa maji ya dialisisi, na kwangu hao ndio mabingwa wa kazi hii, si sisi wa matangi. Mwaka 1973 watafiti wa Minneapolis walionyesha katika jarida la Science kwamba kloramini ya maji ya mjini ndiyo iliyokuwa ikipasua chembe nyekundu za damu za wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za figo. Utaratibu wa Marekani uliojengeka baadaye hauna mzaha: matangi mawili ya mkaa mfululizo, maji yakae nao dakika 10 kwa jumla, sampuli ichotwe baada ya tangi la kwanza, na klorini yote isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Someni tena: klorini yote. Hakuna muuguzi anayeruhusiwa kumuunganisha mgonjwa kwa sababu klorini huru imesoma sifuri. Fundi wetu alifanya hivyohivyo kwa matumbawe ambayo gharama yake sitaki hata kuitaja.

Akajitetea: "Kikipita kitu, RO itakizuia." Hapo ndipo kile kidonda changu cha siku zote kinapofunguka. Uhodari wa utando wa RO uko kwenye chumvi, vitu vyenye chaji. Kloramini ni molekuli ndogo isiyo na chaji, na sehemu kubwa yake huvuka upande wa pili. Mita ya TDS, ile ya chumvi zilizoyeyuka, haitakwambia lolote, maana inapima upitishaji wa umeme. Nimeshaandika humu, na nitaandika tena, kwamba ile sifuri ya mita ya TDS imewapa watu usingizi wasioustahili. Kwenye kipindi mita ilisomeka 000, muziki ukapanda. Muziki wa nini?

Tena utando wenyewe una historia ambayo vijana wa siku hizi hawataki kuisikia. Ule wa Loeb na Sourirajan, waliouvumbua UCLA mwishoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa wa selulosi na ulivumilia klorini kiasi. John Cadotte wa Minnesota ndiye aliyetuletea utando mwembamba wa poliamidi katika miaka ya 1970: unachuja vizuri kupita kiasi, lakini klorini huru inautafuna. Kizazi cha selulosi kililazimika kujua nini kiko majini na utando wake unahimili nini. Sisi tumerithi mtambo bora na uvivu wa kuuliza.

Kwa haki, kuna wiki chache kila mwaka ambazo fundi wetu angekuwa sahihi. Kila majira ya kuchipua Washington Aqueduct hurudi kwenye klorini huru kwa muda ili kusafisha mabomba. Katika wiki hizo kidonge namba 1 kinasema kweli, na kopo moja zima la mkaa linatosha. Kipindi kilirekodiwa majani ya nje yakiwa mekundu. Nadhani najua kosa lilikozaliwa: katika kipindi cha kwanza alitaja kwamba tangi lake la zamani lilikuwa Silver Spring, ng'ambo ya mto, ambako WSSC, shirika la maji la huko, wanatumia klorini huru. Alivuka daraja, akayakuta maji mengine, akayapima kwa mazoea ya kule.

Mazoea ya namna hiyo yameshaumiza watu, si samaki tu. Mabadiliko yaleyale ya 2000 yaliyeyusha tabaka la risasi lililokuwa limetulia ndani ya mabomba ya Washington, na Januari 2004 gazeti la Washington Post likaianika habari hiyo. Dawa ilibadilishwa bila kuangalia vya kutosha nini kitatokea mbele ya bomba.

Mengine ya kipindi yalikuwa safi: miunganisho haivuji, kipimo cha presha kimewekwa panapofaa, na chumvi imekadiriwa vizuri.

Turudi kwenye amonia, ambayo hakuitaja kabisa. Mkaa unapovunja kloramini, klorini inaondoka na amonia inabaki. Maji yenye miligramu 3 za kloramini kwa lita, zikihesabiwa kama klorini, yamebeba karibu 0.6 ya naitrojeni ya amonia. Ikiwa pH iko chini, sehemu kubwa ina chaji. Utando huizuia nyingi na rezini ya DI, inayonasa ioni baada ya utando, hunasa inayopenya. pH ikipanda, amonia isiyo na chaji hupita utando na mzigo wote unaangukia rezini. Kwa hiyo rezini yake iliyogeuka rangi hadi theluthi katika kipindi cha tatu, ambayo yeye alisingizia "maji magumu ya hapa", mimi nashuku ni amonia. Randy Holmes-Farley, mkemia wa Massachusetts, aliyafuata maji yenye kloramini hatua kwa hatua kupitia mkaa, utando na rezini, pamoja na amonia inayobaki, katika makala yake ya 2003. Ile makala ipo. Haikuhitaji kamera tatu.

Kabla hamjaniandikia: kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha kunapunguza klorini, hakuondoi kloramini. Na yale matone ya thaiosalfeti yanayouzwa kama dawa ya kila kitu yanavunja kloramini na kukuachia amonia yake. Nimelisema hili tangu enzi za matangi ya samaki wa dhahabu na bado chupa zinauzwa.

Kipindi cha nne anajaza tangi. Kabla hajatia chumvi, aurudishe mkaa kwenye kopo la pili, na uwe ule wa kichocheo. Aweke koki ya kuchotea kati ya makopo mawili, apime klorini yote hapo, si mwisho wa mtambo. Siku rangi itakapotokea kwenye koki hiyo, la pili lihamie la kwanza na jipya liingie nyuma, kama wanavyofanya wa dialisisi. Na kile kichujio cha mikroni 1 akipeleke mwanzoni kabisa, mbele ya mkaa wote, kinakostahili kukaa.