Sala ya Monika na Moto wa Toharani

Kila mwaka ninapofundisha historia ya Kanisa la kwanza, huwapa wanafunzi kazi wasiyoipenda: waeleze imani ya Kikatoliki kuhusu marehemu kwa namna ambayo padri akiisoma atasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini." Wengi hushindwa. Huandika juu ya Tetzel na vyeti vyake vya rehema, wakaishia hapo, kana kwamba Wakatoliki hawana andiko wala shahidi. Wanavyo vyote viwili, na baadhi ya hoja zao ni nzito kuliko tunavyokiri mimbarani. Jambo lenyewe si la darasani tu. Katika koo zetu nyingi Mlutheri na Mkatoliki hulia kwenye kaburi moja, na mtu akisema "tumwombee marehemu," nusu ya ndugu hufumba macho na nusu hutazama chini.

Mtetezi wa Kikatoliki huanza na kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Mwumini wetu mwenye Biblia ya Union Version hukitafuta asikione, akadhani ametungiwa. Hakutungiwa. Luther mwenyewe alikiweka katika Biblia yake ya mwaka 1534, pamoja na vile alivyovihesabu kuwa vyema kusomwa ingawa havilingani na Maandiko Matakatifu. Humo Yuda Makabayo anakuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za sanamu chini ya nguo zao. Anawaombea, anachangisha drakma 2,000 hivi za fedha, anazipeleka Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi. Mwandishi anamsifu kwa kuwa alitazamia ufufuo. Basi ni kweli: wapo Wayahudi waliowaombea wafu kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Lakini mahali pa kutakaswa hapatajwi. Tena kuabudu sanamu ni dhambi ya mauti kwa kipimo cha Wakatoliki wenyewe, nao hufundisha kwamba toharani ni kwa waliokufa katika neema. Andiko hili linabeba sala, toharani halibebi.

1 Wakorintho 3 ni dhaifu zaidi. Paulo anasema juu yake na Apolo, wajenzi wa Kanisa, na moto unaopima kazi yao siku ile. Kuhusu Onesiforo katika 2 Timotheo 1, Paulo anamtakia rehema siku ile, naye anaitaja nyumba yake kwa namna inayofanya wengi wadhani alikwisha kufa. Huenda. Andiko halisemi.

Nguvu ya Wakatoliki iko kwa mababa, na hapo sisi ndio tunaopaswa kunyamaza kwanza. Perpetua, akiwa gerezani Karthago mwaka 203, anaota ndugu yake Dinokrate, aliyekufa na umri wa miaka saba, akiwa na kiu karibu na birika ambalo ukingo wake unamzidi kimo. Anamwombea. Baadaye anamwona akinywa na kucheza. Miaka michache baadaye, Tertuliano anaeleza kwamba Wakristo hutoa sadaka kwa ajili ya wafu kila mwaka siku yao inaporudi. Anazungumza kama mtu anayetaja desturi inayojulikana na wote. Kisha huja Monika, mama yake Augustino, aliyefariki Ostia mwaka 387. Aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Ombi lake lilikuwa moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Asiyeguswa na ukurasa huo hajawahi kumzika mama.

Lakini tuwasikilize mashahidi hawa mpaka mwisho. Tertuliano, katika maandishi hayo hayo, anakiri kwamba ukidai andiko linaloamuru desturi hizo hutalipata. Anayasimamisha mapokeo badala yake. Mtetezi anayemwita shahidi huyu kuthibitisha kuwa jambo limo katika Biblia ameita shahidi anayemkana. Augustino naye, akiisha kumwombea mama yake, anasema anaamini Mungu amekwisha kufanya analoliomba. Na alipoulizwa juu ya moto baada ya kufa, alijibu tu kwamba si jambo lisiloaminika. Epifanio, aliyemkemea Aerio kwa kukataa sala hizi, anasema Kanisa huwataja katika sala hizo manabii, mitume na mashahidi wa imani pia. Hadi leo, katika liturujia inayoitwa ya Yohane Krisostomo, sadaka hutolewa kwa ajili ya mitume na hata kwa ajili ya Bikira Maria. Ni nani atakayesema Maria yuko toharani? Kanisa la kwanza liliwaombea wafu wote kwa kuwa liliwapenda na kwa kuwa siku ya Bwana haijafika. Waorthodoksi wamebaki na sala hiyo, na mwaka 1438 kule Ferrara walibishana na Walatini juu ya moto huo.

John Henry Newman aliona pengo hili kuliko watetezi wengi wa leo. Katika kitabu chake cha mwaka 1845 anaieleza toharani kuwa fundisho lililokua polepole. Sikubaliani naye, lakini huo ni ubishi wa kweli.

Sasa deni letu. Melanchthon, katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, kifungu cha 24, anakiri kwamba wazee wa Kanisa waliwaombea wafu, anasema hatukatazi jambo hilo, na anajitenga na Aerio. Luther alikataa toharani waziwazi mwaka 1530, na katika Maungamo ya Smalkald ya 1537 alisema desturi ya watu, hata ya Monika, haiwezi kuwa msingi wa fundisho la imani. Hata hivyo mwaka 1528 aliruhusu Mkristo amwombee marehemu kwa sala fupi, mara moja au mbili, akimwachia Mungu. Maandishi ya wanamatengenezo wetu yamesema hayo. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuyafundisha?

Mimi sikuyafundisha. Shangazi yangu alikuwa Mkatoliki. Jioni ya maziko, padri akiwa ameshaondoka, binamu yangu aliniambia, "Kaka Mchungaji, na wewe mwombee mama." Nikasali. Nilimshukuru Mungu kwa maisha yake, nikaomba faraja kwa wafiwa, nikasema amina. Binamu yangu alikaa kimya kidogo, akasema, "Umetuombea sisi. Yeye hukumwombea."

Sikuwa na jibu. Nilijua kupinga toharani kwa saa mbili bila karatasi, lakini nilikuwa nimeitupa sala pamoja na moto. Tarehe 2 Novemba iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake. Hatukuzungumza mambo ya mafundisho. Tulisimama kaburini, nikamtaja shangazi kwa jina la ubatizo wake, nikasema: Bwana, ikiwa yuko mahali ambapo maombi yetu yanamfaa, umrehemu, na ikiwa umekwisha kumrehemu, pokea shukrani zetu. Binamu yangu akaitikia amina, kisha akaanza Salamu Maria. Mimi nikavua kofia, nikangoja amalize.