Pima Kina Kwanza: Kuchagua Ziwa la Likizo Ukitokea Nyamiaga

Mkazi wa Nyamiaga ana maziwa manne anayoweza kuyafikia kwa mwendo wa siku moja. Mto Ruvubu hupita wilayani kwetu Ngara, hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji hayo huishia Victoria. Ukivuka daraja la Rusumo, ukapita Kigali, unaifikia Kivu. Ukishika njia ya Lusahunga na Nyakanazi, ukapita Kakonko, Kibondo na Kasulu, unaingia Kigoma penye Tanganyika. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato kuna Burigi. Likizo ya Juni ikikaribia, familia nyingi huamua kwa swali moja: wapi tuna ndugu wa kutulaza?

Undugu ni sababu nzuri. Lakini anayelipa nauli na gesti kwa fedha yake anahitaji kipimo, na mimi naamini kina cha ziwa kuliko ukubwa wake au picha zake. Kina huamua kama maji yatakuwa maangavu, kama watoto wataoga kwa amani, na hata mtakula samaki gani.

Tuanze na Victoria. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, ila penye kina kirefu kabisa halizidi mita 84 hivi, na wastani wake ni kama mita 40. Sababu iko katika kuzaliwa kwake. Bonde la Ufa lina matawi mawili, la mashariki na la magharibi. Kingo zake zilipoinuka, nchi iliyo kati yake ilibonyea, mito kama Kagera iliyokuwa ikielekea magharibi ikarudishwa nyuma, na maji yakatuama. Ndiyo maana Victoria ni sinia: pana, lakini halina kina.

Maji ya kina kifupi hupata joto upesi. Mbolea na taka zinazoletwa na mito hazina pa kuzama mbali, kwa hiyo mwani hustawi na ghuba hugeuka kijani. Magugu maji yaliyolisumbua ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliingia kwa Mto Kagera, huu huu unaopita kwetu. Na penye ghuba tulivu yenye majani, konokono wanaobeba kichocho hukaa raha mustarehe. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi wakati jua ni kali, yaani saa zile zile watoto wanapochezea maji karibu na mwalo. Kama walishaoga, wapelekwe kupimwa baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo na inatibu.

Hapa ndipo mashauri ya vitabu vya utalii vya Ulaya yanapotupotosha. Kule, familia yenye watoto huambiwa itafute ziwa la kina kifupi. Balaton la Hungaria lina wastani wa mita 3 hivi tu, maji yake hupata joto mapema kiangazi, na mtoto hutembea mbali kabla maji hayajamfika kifuani. Como la Italia, lenye kina cha zaidi ya mita 400, ni baridi, na wengi huenda kutazama milima na kupanda boti. Ushauri huo ni sahihi kwa nchi ambako adui wa muogaji ni baridi. Kwetu adui ni kichocho, mamba na kiboko, na wote watatu hupenda maji yale yale ya vuguvugu ya kina kifupi. Kanuni inabaki ile ile, jibu ndilo linalopinduka: huku mwogeleaji atafute kina.

Ziwa lenye kina kikubwa kuliko yote Afrika ndilo hili la Kigoma. Tanganyika ina mita zipatazo 1,470, na duniani inazidiwa na Baikal ya Urusi peke yake. Haikutokana na nchi kubonyea kidogo. Ardhi ilipasuka na sakafu ya bonde ikashuka kwa mamilioni ya miaka. Virutubisho huzama na kubaki chini, kwenye maji yasiyo na oksijeni ambayo hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Juu hubaki maji maangavu, na mwenye miwani ya kuogelea huona samaki wadogo wa rangi wakizunguka mawe, wengi wao wa aina zisizopatikana penginepo duniani. Victoria nayo ilikuwa na mamia ya aina za furu, ila sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 aliwala wengi wao, na maji yaliyochafuka yakawamaliza wengine.

Hata hivyo, mwambao wa Tanganyika una mawe na miteremko mikali. Hatua chache tu na mtoto hana pa kukanyaga. Mamba wapo, na kichocho kipo karibu na vijiji. Kisha kuna upepo wa kusini, unaovuma Mei hadi Septemba na kuamsha mawimbi. Anayekwenda Gombe kwa boti aondoke asubuhi. Kigoma nawashauri vijana wanaojua kuogelea, na yeyote ambaye hajawahi kula mgebuka aliyetoka majini siku hiyo.

Kivu ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu watu huisifia au huiogopa bila kuijua. Ipo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 480. Zamani maji yake yalikwenda kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa, likatafuta mlango wa kusini, na leo hutoka kwa Mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Moto huo wa ardhini ndio ulioleta gesi. Chini kabisa kumeyeyuka takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Ziwa Nyos la Kameruni lilipoachia gesi ya namna hiyo mwaka 1986, watu wapatao 1,700 walikufa. Rwanda sasa huvuta methani ya Kivu kwa mabomba, na mtambo wa Karongi huzalisha megawati 26 za umeme.

Muogaji aliye juu hagusani na gesi hiyo ya vilindini. Hatari iliyo karibu naye ni mazuku, kama watu wa Goma wanavyoiita: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa mwambao wa kaskazini, upande wa Goma. Haionekani, na huua. Kwa hiyo ukienda Kivu, nenda Karongi, katikati ya mwambao wa Rwanda, penye visiwa na vilima, mbali na volkano. Mamba hakuna. Jioni wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa.

Burigi ni habari fupi: ziwa la kina kifupi, viboko, mamba, twiga kwenye nyasi. Mzee anayetaka kuona wanyama bila kulowa atafurahi sana. Hakuna kuoga.

Victoria nayo siiachi. Mvua nyingi za radi juu yake huja usiku hadi alfajiri, hewa iliyopoa ya nchi kavu inapokutana juu ya maji yenye joto, kwa hiyo safari ya boti ndogo iwe ya mchana na kila abiria avae jaketi okozi. Vukeni kutoka Kasenda hadi kisiwa cha Rubondo mkawatafute sokwe walioletwa huko miaka ya 1960, au nendeni Bukoba Novemba na Desemba, senene wakianza kuanguka.

Kwa familia yenye watoto, likizo ya Juni, hukumu yangu ni Karongi. Rwanda magari hupita kulia na saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kila mtu mzima awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari, na hati za watoto waulizeni Uhamiaji kabla hamjalipa gesti.