Jina la Nne kwenye Orodha

Julai 2019 nililipwa kupanga wapokeaji wa mpira wa Marekani ambao sikuwa nimewaona wakicheza hata dakika moja. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka uliotangulia, kodi ya chumba Roysambu inanidai, na mteja wa mtandaoni akataka orodha: vyuo kumi vyenye vikosi bora vya wapokeaji kabla ya msimu kuanza. Maneno elfu moja, kesho asubuhi. Nikasema sawa.

Kwa asiyejua, mpokeaji ni yule anayechomoka mbio akitafuta nafasi ili kwotabeki amrushie mpira. Kati ya Juni na Agosti hakuna mechi, kwa hivyo wapenzi wa mchezo huu hubishana juu ya orodha. Nimesoma nyingi tangu wakati ule, na mimi naona ni utanzu kamili, una kanuni zake kama ngano. Juu anakaa mkubwa, Alabama au Ohio State. Karibu na mwisho kuna aya ya "usiwasahau hawa". Vitenzi vyote viko wakati ujao na havina wasiwasi: atatawala, atavuma. Hakuna anayeandika "huenda".

Mbinu yangu ilikuwa ya duka la mtaani: jumlisha yadi za mwaka jana za wanaorudi. Alabama ikatoka ya kwanza. Jerry Jeudy alikuwa na yadi 1,315 za mwaka 2018 na tuzo ya Biletnikoff. Kisha Jaylen Waddle, kisha Henry Ruggs, halafu nikaandika "na DeVonta Smith", yadi 693, nikasonga mbele. LSU haikupata hata ile aya ya usiwasahau. Ja'Marr Chase wao alikuwa amedaka mipira 23 tu msimu mzima.

Novemba 9 LSU ikaenda nyumbani kwa Alabama ikashinda 46–41. Chase alimaliza msimu na yadi 1,780 na tachidauni 20. Mwenzake Justin Jefferson alidaka mipira 111. Kwotabeki Joe Burrow, aliyekuwa amerusha tachidauni 16 mwaka 2018, alirusha 60, na timu ikashinda mechi zote 15.

Sasa, Chase hakuzaliwa upya kati ya Januari na Septemba. Mkono uliokuwa unamrushia ndio uliokomaa, na Joe Brady alikuwa amekuja kutoka New Orleans Saints na namna nyingine ya kupanga mashambulizi. Hapo ndipo orodha zetu zinanishinda: zinampanga mpokeaji kana kwamba anajirushia mpira mwenyewe. Yadi moja yake ni kazi ya watu wengi, wakiwemo wale wanene watano wa mbele ambao hakuna mtu huwataja Julai.

Lakini nisiwaonee waandishi wenzangu. Wale wanne wa Alabama wote walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, wawili 2020 na wawili 2021. Aliyesema hapo ndipo penye vipaji alisema kweli. Tatizo ni neno "bora", ambalo orodha hulitumia kwa maana mbili bila kumwambia msomaji: nani ana kipaji, na nani atafunga. Hata ndani ya jibu sahihi, mpangilio ulikuwa kichwa chini. Aliyeongoza Alabama kwa yadi 2019 alikuwa Smith. Mwaka uliofuata akabeba Heisman, mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard 1991. Jina la nne, manze.

Ningependa kusema mimi ni Smith wa hadithi yangu. Wapi. Mimi nilikuwa juu ya orodha. Shuleni matokeo yalibandikwa ubaoni na jina langu halikuwahi kushuka chini ya tatu, na mjomba alishaanza kuniita injinia kabla sijajaza fomu ya chuo. Nilipoacha mwaka wa pili, kilichowauma nyumbani ni kwamba hesabu yao haikuwa na safu ya ada, wala ya kulala njaa hosteli. Shangazi bado hunitambulisha kwa wageni kwa wakati uliopita: "Huyu alikuwa anasomea..."

Ungedhani hayo yangenifunza kuandika tofauti.

Julai 2020 mteja yule alirudi, orodha ile ile, pesa nzuri kidogo. Safari hii Smith nilimtaja mwanzo wa aya yake, maana sasa alikuwa na yadi 1,256. Namba moja nikaiweka LSU, kwa sababu Chase alikuwa anarudi na zile 1,780 zake. Nikaandika kwamba atatawala. Mwisho wa Agosti Chase akatangaza kwamba hachezi msimu huo. Pesa nilikuwa nimeshakula.