Kazimoto Hakuulizwa: Kusoma Upya Kichwamaji kwa Jicho la Afya ya Akili

Utangulizi

Ni vigumu kusoma shahada ya Kiswahili hapa Uganda bila kukutana na Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Tunamsoma, tunaandika insha juu ya udhanaishi, kisha swali la mtihani linatutaka tujadili kama kujiua kwake mwishoni ni ushindi au ni kushindwa. Katika makala hii ninadai kwamba swali hilo linatupeleka njia isiyo yake. Kazimoto anaweza kusomwa kama mtu anayeumwa. Tukimsoma hivyo riwaya haipungui uzito. Tunaanza kuwaona watu waliomzunguka, na kuona kile ambacho hawakumfanyia.

Nina sababu ya kulijali jambo hili. Kwa miaka miwili sasa ninatibiwa sonona, au unyogovu kama wasemavyo wenzetu wengi wa Kenya. Nilikuwa nimekwisha kuanza dawa tulipofika kwenye riwaya hii darasani. Wenzangu walipojadili kama Kazimoto ni mwoga au shujaa, mimi nilikuwa nikifikiri kwamba muuguzi wa kliniki angemuuliza mambo mengine kabisa: unalala saa ngapi, unakula nini, na unazungumza na nani. Sitaji hali yangu ili nihurumiwe. Kila mhakiki hutazama matini akiwa amesimama mahali fulani, na mimi nimesimama hapo.

Kazimoto wa darasani

Usomaji uliozoeleka unamweka Kazimoto katika safu ya wahusika wanaohoji maana ya maisha. Ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe akiwa hafanani tena na watu wa kwao. Hana imani ya wazazi wake, na elimu aliyoipata haijampa kitu cha kuishika mahali pake. Wahakiki wanamlinganisha na wahusika wa wanafalsafa wa Ufaransa, na wengi wanaona kifo chake kuwa jibu la mwisho la mtu aliyegundua kwamba maisha hayana maana.

Usomaji huu si wa uongo. Kezilahabi alisoma falsafa hiyo, na athari yake imo katika kazi zake. Shida ni kwamba ukishaita mateso ya mtu kuwa falsafa, huna haja tena ya kuuliza kama mateso hayo yangeweza kupunguzwa. Kifo kinakuwa hitimisho la hoja. Jambo hilo halimhusu Kazimoto peke yake. Rosa naye, katika Rosa Mistika (1971), anaishia kujiua. Riwaya mbili za mwanzo za mwandishi mmoja zinafungwa kwa namna moja, na sisi tunaziingia na kutoka tukiwa na istilahi nyingi za kueleza kwa nini mtu anakufa, lakini hatuna hata moja ya kueleza namna ambavyo angeweza kubaki.

Neno kichwamaji na sarufi ya lawama

Tuanze na jina la riwaya. Kumwita mtu kichwamaji ni kusema kwamba akili yake haijatulia. Ndani ya riwaya neno hilo lina mwangwi mwingine, maana Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Lakini maana ya kwanza inayomjia msomaji ni ile ya lawama. Iko pamoja na mwehu, chizi, punguani na mwendawazimu.

Wanafunzi wa lugha tunapaswa kutazama sarufi ya maneno haya. Mtu ana malaria, ana homa, ana kisukari. Ugonjwa ni kitu alicho nacho, na kitu ulicho nacho kinaweza kutibiwa, au ukaishi nacho huku ukibaki wewe. Lakini tunasema mtu ni chizi, ni mwehu, ni kichaa. Hapo ugonjwa umemmeza mwenyewe, hakuna aliyebaki wa kutibiwa. Hata majina ya hospitali yamegeuzwa matusi. Hapa Kampala ukimwambia mtu anafaa kupelekwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili iliyojengwa miaka ya 1950, umemtukana. Watanzania hutumia Mirembe ya Dodoma vivyo hivyo, ingawa neno hilo kwa Kiganda ni amani.

Kiswahili chenyewe kina njia nyingine. Watu wa pwani husema mtu ana pepo. Sisemi kwamba maelezo hayo ya ugonjwa ni sahihi. Ninachotaka tukione ni mpangilio wake. Katika uganga wa pepo, mara nyingi pepo hafukuzwi. Huulizwa anataka nini, hupewa ngoma na sadaka, na mgonjwa huingia katika kundi la watu wenye hali kama yake, ambao hukutana tena na tena. Mgonjwa harudi kuwa mtu asiye na pepo. Anakuwa mtu anayejua kuishi naye, na ana wenzake. Wazo la kuishi na ugonjwa wa akili, basi, si geni kwetu. Limekuwapo, ila halikuingia katika riwaya tunazozisoma zaidi.

Mambo manne

Ipo tiba ya sonona inayoitwa tiba ya mahusiano. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Haianzi na utoto wa mgonjwa wala na maana ya maisha. Inatafuta ni lipi kati ya mambo manne linalomlemea sasa: msiba ambao haujamtoka moyoni, ugomvi na mtu, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Nilipoisoma orodha hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka Kazimoto, kwa sababu yeye anayo yote manne.

Msiba anao. Dada yake, Rukia, anapewa mimba na Manase, na baadaye anakufa. Mama yao naye anafuata. Ugomvi anao. Manase ni mtu waliyejuana tangu zamani, sasa ana cheo serikalini, na Kazimoto anabeba nia ya kulipiza kisasi. Mabadiliko anayo. Kutoka kijijini hadi chuo kikuu, kutoka kwa mwana hadi kwa mume, tena mume wa Sabina, ambaye ni dada wa Manase yule yule. Upweke nao umejaa katika kila sura, na hapa usimulizi wenyewe unatuonyesha jambo. Riwaya inasimuliwa katika nafsi ya kwanza. Sisi wasomaji tunayasikia mawazo ya Kazimoto, lakini watu wanaoishi naye hawayasikii. Tunajua yaliyomo moyoni mwake kuliko anavyojua Sabina, ambaye analala naye kitanda kimoja.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Nikiisoma pamoja na Kichwamaji, naona inahitaji kuulizwa swali: je, alificha, au hakuulizwa? Matanga yanapokwisha watu hutawanyika. Msomi anapokaa kimya, kimya chake huchukuliwa kuwa ni majivuno ya elimu. Pengine hata sisi wahakiki tunaendelea kukichukulia hivyo, tunapokiita falsafa.

Masaka na Rakai

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya daktari wa mjini, na kwamba kijiji cha Kazimoto hakikuwa na daktari wa akili. Ni kweli, na hata leo madaktari hao ni wachache mno katika nchi zetu zote. Lakini ng'ambo ya Ziwa Nyanza, ziwa lile lile linaloizunguka Ukerewe, katika wilaya za Masaka na Rakai hapa Uganda, jambo hili limejaribiwa bila daktari. Wilaya hizo zilikuwa zimeumizwa sana na UKIMWI, na misiba ilikuwa imerundikana. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 2003.

Watafiti walianza na lugha, na hilo linapaswa kutufurahisha sisi wa lugha. Hawakwenda na jina la ugonjwa kutoka kitabuni. Waliwauliza wanavijiji wanaita nini hali hizi, wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Tazama kwamba maneno yote mawili yana kirejeshi, sawa na -ji- ya Kiswahili. Mwanakijiji wa Rakai alikuwa ameshaona kwamba katika ugonjwa huu mtu anageuka dhidi ya nafsi yake. Kazimoto naye angeweza kuelezwa kwa maneno hayo mawili.

Vijiji 30 vilihusishwa. Katika 15 kati ya hivyo, vikundi vya wanawake na vikundi vya wanaume vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kila mkutano dakika 90. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Kazi ilikuwa kuzungumza: kila mmoja aseme wiki yake ilikuwaje, hali yake imepanda au imeshuka, na ni jambo gani limesababisha. Wengine wanasikiliza na kupendekeza. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi hivyo walikuwa na vigezo vya sonona kali. Baada ya tiba walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba, idadi ilishuka pia, lakini ilibaki asilimia 54.7.

Sisemi kwamba kikundi kingemwokoa Kazimoto. Yeye ni mhusika, na mwandishi ndiye aliyeshika kalamu. Ninasema kwamba mtu wa kijijini mwenye misiba miwili na ugomvi mmoja hakuwa amefikia mwisho wa njia, na mhakiki anayeandika kana kwamba alifika huko anamfundisha mwanafunzi jambo ambalo si kweli.

Maisha yasiyo na mwisho wa kusisimua

Kwa nini basi riwaya zetu hazina mgonjwa anayeishi? Nadhani sababu moja ni kwamba kuishi vizuri na ugonjwa wa akili ni jambo la kujirudiarudia, na riwaya hupenda tukio. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na katika wiki hizo mgonjwa huweza kupata madhara kabla ya nafuu: kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi kuharibika. Anayeacha ghafla kwa sababu amejisikia vizuri huweza kurudi pale pale. Wenye magonjwa mengine, kama skizofrenia, huenda wakahitaji dawa kwa miaka mingi, na kwao mazungumzo ya kikundi peke yake hayatoshi.

Kisha kuna mazoea ya kila siku. Kulala na kuamka saa zile zile, hata wakati wa mitihani. Kutembea kwa miguu. Kukataa waragi, ambayo hutuliza kwa jioni moja na kuizidisha huzuni asubuhi. Kuwa na mtu mmoja anayezijua dalili zako na aliyeruhusiwa kukuuliza. Mimi mwenzangu wa chumbani anajua kwamba nikiacha kufua nguo kwa wiki mbili, sijawa mvivu. Hakuna sura ya riwaya inayoweza kujengwa kwa urahisi juu ya nguo zilizofuliwa. Lakini kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko hoja nyingi za udhanaishi nilizopata kuziandika.

Pingamizi

Pingamizi kubwa dhidi ya usomaji wangu ni kwamba unamgeuza mhusika kuwa jalada la hospitali. Nikisema Kazimoto ana sonona, je, maswali yake kuhusu elimu, dini na utabaka wa viongozi wapya yanakuwa dalili tu za ugonjwa? Nalikubali onyo hili. Manase ni mfano halisi wa watu waliorithi ofisi za wakoloni, na hasira ya Kazimoto dhidi yake haitibiwi kwa vidonge. Mtu mgonjwa huweza kuuliza swali la kweli.

Ndiyo maana sipendekezi tuache kusoma falsafa ya riwaya hii. Napendekeza tutenganishe swali na kifo. Maswali ya Kazimoto yanaweza kuwa sahihi yote, na bado kifo chake kisiwe jibu la lolote kati yake. Mtu aliyepata usingizi, akapata watu wa kumsikiliza, anaweza kuendelea kuuliza maswali yale yale. Pengine atayauliza vizuri zaidi.

Hitimisho

Jambo hili lina uzito nje ya darasa. Sheria tulizorithi kutoka kwa Waingereza zilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba ya nchi hiyo. Lugha ya kumhukumu imeanza kuondoka mahakamani. Itakuwa ajabu ikibaki katika mitihani ya fasihi.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa walimu wangu na wenzangu. La kwanza ni swali jipya badala ya lile la ushindi au kushindwa: katika Kichwamaji, ni nani angeweza kumuuliza Kazimoto hali yake, katika sura gani, na ni nini kilimzuia? Swali hilo linajibika kwa ushahidi wa matini, na linatulazimisha kumsoma Sabina, wazee na kijiji kizima. La pili ni kwa wale kati yetu wanaoandika hadithi. Tunahitaji mhusika anayekwenda kliniki Jumatano, anayesahau dawa na kukumbushwa na shangazi, anayegombana na rafiki na kupatana naye, na ambaye katika ukurasa wa mwisho bado yupo.