Kiganja na Giaboksi

Kiganja cha dereva hakiigusi giaboksi. Kati ya viwili hivyo kuna vyuma, viungo na bushi, na utamu wote wa gia za zamani unatoka humo. Kila kiwanda kiliipitisha njia hiyo kwa namna yake.

Land Rover Series II ya 1958 ina njia fupi. Mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi yenyewe, na meno yakigusana kiganja kinajua. Gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaiza ya kulinganisha mizunguko, kwa hiyo kushuka kutoka ya tatu kuna utaratibu wake: kanyaga klachi, toa gia hadi nyutro, achia klachi, ongeza mafuta kidogo ili mizunguko ilingane, kanyaga tena, kisha ingiza. Ukipatia, gia inazama bila sauti. Series III ya 1971 iliwekewa sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele, ikawa nyepesi. Mimi bado naipenda ile ya zamani, maana inamlazimu dereva aisikilize injini.

Volkswagen Beetle ina giaboksi nyuma, hivyo fimbo ndefu hupita chini ya sakafu, katikati ya viti, kuifuata. Gia zake huingia kwa ulaini. Ukitaka rivasi, unaugandamiza mkono chini kwanza; kinga rahisi iliyofikiriwa vizuri.

Inayonistaajabisha zaidi ni Renault 4 ya 1961. Giaboksi yake imetangulia mbele ya injini. Wahandisi wakaitoa fimbo kwenye dashibodi, wakaipitisha juu ya injini hadi mbele, na kuupinda mwisho wake wa upande wa dereva kama mpini wa mwavuli. Unasukuma, unavuta, unazungusha. Anayeiona mara ya kwanza huidharau, lakini sakafu imebaki wazi na njia yenyewe karibu imenyooka.

Peugeot 404, bingwa wa Safari Rally mara nne katika miaka ya 1960, ilijulikana kwa gia za kwenye usukani, na benchi la mbele likapata nafasi ya abiria wa tatu. Vyuma vinashuka kando ya nguzo ya usukani na kugeuka mara kadhaa, na kila kiungo kinalika.

Kama unayo 404, na gia zimeanza kupotea, usikimbilie kuifungua giaboksi. Mwambie fundi abadilishe bushi kwanza.