Setilaiti za wanafunzi: saa inasingiziwa

Kama umewahi kuwa kwenye kikundi cha mradi chenye watu wa nchi nne, unajua lawama ya kwanza huenda wapi. "Wenzetu walikuwa wamelala." Kazi ikichelewa, saa ndiyo mkosaji. Mimi naona inasingiziwa, na nitakuonyesha kwa setilaiti.

Chukua SSETI Express. Ilikuwa na uzito wa kilo 62, na ilijengwa na vikundi 23 vya wanafunzi wa nchi 12 chini ya Shirika la Anga la Ulaya, ESA. Kila kikundi na kipande chake: hawa redio, wale kamera, wengine umeme. Walipanga kazi kwa intaneti, na taarifa za wakati ule zilijivunia hilo kweli kweli. Lakini mwisho wa yote vipande vilibebwa hadi maabara ya ESA pale Noordwijk, Uholanzi, vikafungwa pamoja kwa mikono.

Sasa tazama: ndani ya Ulaya saa hazipishani sana. Kama tatizo lingekuwa saa, hawa walikuwa na kazi nyepesi. Setilaiti ilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 27 Oktoba 2005, ikatuma ishara, kisha kabla saa 24 hazijapita ikanyamaza. Hitilafu kwenye mfumo wa umeme ilizuia betri kuchajiwa.

Sisemi umbali ndio ulioleta hitilafu. Kifaa kinaweza kuungua hata mafundi wote wakilala bweni moja. Ninachokosoa ni ule mgawanyo wa kazi unaosifiwa kila mara: vipande 23, kila mtu na chake. Kwenye karatasi umeme unaonekana kipande kimoja kati ya vingi, kumbe ndio unaolisha vingine vyote. Kipande cha namna hiyo hakifai kuwa cha kikundi kimoja peke yake. Kinahitaji macho ya wote na majaribio marefu kikiwa kimeunganishwa na vingine, tena mapema.

Mradi wa BIRDS-1 wa Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, ulikwenda njia nyingine. Wanafunzi kutoka Ghana, Mongolia, Nigeria na Bangladesh walihamia Kitakyushu, wakakaa maabara moja na wenzao Wajapani, wakajenga setilaiti tano za muundo mmoja, kila moja mchemraba wa sentimita 10. Ziliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Julai 2017. Faida yake unaiona mara moja: kosa likigunduliwa kwenye moja, linatafutwa kwenye zote tano siku hiyo hiyo. Na zikishafika juu, umbali unageuka kuwa msaada. Setilaiti ya namna hii huzunguka dunia kwa kama dakika 90 na hupita juu ya kituo kimoja kwa dakika chache tu, hivyo ukiwa na vituo Afrika na Asia unaipata mara nyingi zaidi.

Tatizo la BIRDS liko kwingine. Uganda na Zimbabwe waliingia kwenye BIRDS-5, na setilaiti zao zikarushwa Novemba 2022. Wahandisi walijifunza wakiwa na mashine ya kutikisa na chumba cha ombwe hatua chache kutoka mezani. Wakirudi nyumbani, mashine zinabaki Japani. Hapo ndipo saa inaanza kuuma: swali la Ijumaa saa kumi jioni Kampala linafika Kitakyushu saa nne usiku, na jibu utalipata Jumatatu. Kuhamisha watu kuliahirisha tatizo la umbali, hakukulimaliza. (Kichekesho: tofauti ni saa sita kamili, kwa hiyo saa tatu yetu ya asubuhi, saa ya Mjapani inaonyesha 3. Usimwambie tu "saa tatu" mwenzako wa Roma.)

Na Roma siitaji bure. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa angani Mei 2018, ilifanywa kwa ushirikiano na Waitaliano na Wajapani. Mradi kama huo unaweza kukufikia wewe kesho. Basi kabla ya kupanga mikutano, andikeni karatasi ya viungio: plagi ipi, volti ngapi, nyaya zinaingia upande gani, na nani ana ruhusa ya kubadilisha. Mtu akibadilisha, wote wajulishwe siku hiyo, hata waliolala, watasoma wakiamka. Saa ziandikwe kwa UTC, kwa tarakimu za saa 24. Roma husogeza saa zake Machi na Oktoba, Nairobi haisogezi, na mkutano wenu utahama kwa saa nzima bila mtu kugusa ratiba.